Enjenia Aliyepima Kilima Chetu

Sitataja jina lake. Yeye mwenyewe hakulipenda. Ukimwita kwa jina barabarani alipita moja kwa moja kama kiziwi, mais, ndiyo lakini yetu, ukisema "Enjenia" alisimama, akageuka mwili mzima, akangoja umalize ulicho nacho. Pale Bungulu, mjini Beni, mashariki mwa Kongo, tulikaa ukuta kwa ukuta miaka mingi: mimi mjane mwenye watoto wawili wa kiume waliokwisha kuwa watu wazima, yeye mzee wa kazi za migodi aliyekuja kuzeekea kwetu baada ya kampuni yake kufa. Mke wake alikuwa amekufa zamani na hawakupata mtoto. Watu walisema ana maringo. Alikuwa nayo, tusidanganyane. Alivaa kravati shingoni kwenda kununua sombe, majani tu ya muhogo.

Akiingia nyumbani kwa mtu, alisalimia paa kwanza. Alisimama mlangoni, akainua kidevu, akafuata kila boriti kwa macho mpaka mwisho, ndipo akakumbuka kwamba kuna mwenye nyumba. Kiti ulichomwekea hakukikalia. Alikivuta pembeni, mahali hapana mti juu ya kichwa chake. Mara ya kwanza nilikasirika. Nikamuuliza, "Papa Enjenia, nyumba yangu inakuogopesha?"

"Mama Paluku," akanijibu bila aibu yoyote, "miye hata nyumba ya Mungu inaniogopesha, kama mutu njo aliijenga."

Na hakuwa anatania. Kanisa letu la Kiprotestanti lilipojengwa upya, alitangaza mtaani kote kwamba ukuta mmoja utaanguka. Yeye alibatizwa Mkatoliki, alikuja kwetu kwa ajili ya nyimbo tu, eti Wakatoliki wanaimba wakiwa na usingizi. Basi, akawa anasikiliza mahubiri akiwa nje dirishani, mvua inamnyeshea kravati yake, pasta anamtupia macho makali. Ukuta ule uko wima hadi leo, haujapasuka hata rangi. Tukimchokoza, "Enjenia, ukuta wako vipi?", anasema "Bado," anapita zake. Tulicheka sana. Baadaye kicheko kile kilitugharimu, kwa sababu mtu aliyekosea ukuta wa kanisa, utamwaminije juu ya mlima mzima?

Alikuwa mwongo, nalo niliseme. Alidanganya juu ya umri wake. Alidanganya juu ya bei aliyonunulia viatu. Alikuwa na birika la chai lililojaa kasiksi, ile pombe yetu ya ndizi, na alijimiminia kikombe mbele yangu, mimi mama wa kanisa, akisema chai ya siku hizi inachacha haraka. Mais juu ya jiwe hakudanganya. Wafanyabiashara walikuja kutoka Butembo wakimletea mawe, wanataka atamke tu neno "dahabu" wapate kumuuzia shimo mtu mwingine. Alililamba jiwe, akafumba macho, akaliangalia kwa lupu yake, kile kioo cha kukuzia, akawarudishia: "Hii ni ya kujengea choo." Wengine walimtukana, mmoja alimkamata shati. Hakubadilisha neno. Alisema watu wamezoea kudanganyana na wanaishi, mais jiwe ukilisemea uongo kuna mtu ataingia chini yake.

Kitu kingine: hakuingia shimoni. Mtu aliyefanya maisha yake yote chini ya ardhi! Jirani alichimba choo akamwomba ashuke aangalie kama kuta ni ngumu, akakataa, akatupa kokoto ndani na kusikiliza, ndiyo basi. Siku moja birika lilipokaribia kuisha aliniambia sababu. Njia ya chini ilijifunga nyuma yake, yeye akabaki upande wa kutokea, wenzake upande wa ndani. "Nilisikia banagonga jiwe," akasema. "Halafu banaacha." Nilimwambia pole. Akaniuliza kama maharagi yameota.

Maharagi yalikuwa yameota, ndiyo. Tulikuwa na kilima na nyumba ndogo ya shamba upande wa Musienene, urithi wa bwana yangu. Chini tulipanda viazi, katikati maharagi, juu kabisa penye upepo nilimzika bwana yangu, na miti ya mpaka ikapandwa kulizunguka kaburi. Kila siku ya soko nilishusha mazao na kurudi kumpitia. Nilimsimulia habari za watoto. Mkicheka chekeni, mimi nilipata nguvu pale.

Ilikuwa wakati wa vita ya pili ya nchi yetu. Paluku, mwanangu mkubwa, na Kambale mdogo wake walikuwa wanachimba mfereji wa maji pembeni ya kilima, wakagonga jiwe jeupe lenye madoa ya njano. Walikuja mbio hadi Beni, wamelifunga ndani ya kitambaa. Enjenia alililamba. Alikaa nalo muda mrefu, na nilidhani atauliza jiwe limetoka wapi. Aliuliza, "Batu gani banajua?"

"Siye tu," Paluku akasema.

"Ibakie vile."

Alikuja nasi Musienene. Alikizunguka kilima na nyundo yake, anagonga, anasikiliza, anafunga kamba kwenye vijiti, anashuka kijitoni, anapanda tena, kravati begani. Wanangu hawakulala. Mimi pia sikulala. Kilima kile kilikuwa chakula chetu na kaburi letu, sasa kimekuwa mali, na mali wakati wa vita ni kama kuwasha moto barazani penye upepo.

Hatimaye akaja jikoni kwangu pale shambani. Alichukua kiazi akakifukia ndani ya majivu, karibu na juu. "Kama dahabu imelala hapa," akasema, "unaondoa majivu yote, unachukua. Hiyo njo shimo ya wazi. Jua inakuona, mvua inakuona." Halafu akakisukuma kiazi chini kabisa. "Kama imeshuka huku, unaingia na kijiti pembeni. Unafuata mushipa sawa panya, unaegemeza miti isikuangukie. Ya kwenu imeshuka. Imesimama wima, inaingia ndani ya tumbo ya kilima. Mukifungua juu, mutabeba budongo ya bure mpaka muzeeke, shamba itakwisha, kaburi itaenda, na dahabu hamutaifikia."

"Donc basi, chini," Paluku akasema, na macho yakawaka.

"Ku jiwe, chini. Ku vita, hata moja hapana." Alikitoa kiazi, akakipangusa. "Shimo ya wazi inaonekana toka barabara, kila mwenye bunduki atapanda. Ile ya chini haionekane, mais mulango ni moya. Mwenye kusimama ku mulango, batu bote ba ndani ni bake. Mufunike, mupande maharagi."

"Muzee, tutakula maharagi mpaka lini?" Paluku alipandisha sauti. "Bengine banajenga Butembo, siye tunapalilia!"

Wote wakaniangalia mimi. Kilima kilikuwa mikononi mwangu, bila neno langu jembe lisingekigusa. Nilimwona bwana yangu kule juu, nikaona pia wanangu wamechoka na umaskini. Nikasema chini ichimbwe, juu isiguswe. Enjenia alifungua mdomo, nami nikamkata: "Papa, hata ukuta wa kanisa ulisema utaanguka." Ayi, Mungu wangu. Alichukua kofia yake akatoka.

Wakachimba, na vibarua wachache. Mlango waliuficha nyuma ya migomba, udongo waliumwaga usiku bondeni, miti ya kuegemeza walikata mikaratusi yetu wenyewe. Toka barabarani usingeona kitu, kilima kilikuwa kijani na maharagi yake. Tulijipongeza. Mais mawe waliyasagia na kuyaoshea palepale kijitoni, kama tunavyoosha viazi, na hakuna hata mmoja wetu aliyefikiri maji yanakwenda wapi. Huko chini askari walikuwa wamepiga kambi. Waliona maji yao ya kunywa yamekuwa ya manjano, wakayafuata kwa miguu mpaka wakafika kwetu.

Sitasema walikuwa askari wa nani. Wakati ule walibadilika kama majira. Vibarua walikimbia, wanangu walikuwa ndani. Askari mmoja akasimama mlangoni mwa shimo, na maneno ya Enjenia yakatimia kama yalivyo. Wanangu walichimba wakisimamiwa na bunduki. Nilipeleka ugali, nikawaona wakitoka kuula wamejikunja, wamekuwa rangi ya udongo, hawaniangalii. Miti ya kuegemeza ilianza kulia ndani, Kambale aliniambia kwa kunong'ona, na komanda hakutaka wapoteze muda kukata mingine. Nilijua kila asubuhi kwamba inaweza kuwa ya mwisho. Nilimlaumu Paluku, nikajilaumu, nikamlaumu na marehemu kwa kutuachia kilima kile.

Enjenia akatokea kutoka Beni, habari zilikuwa zimemfikia. Amevaa kravati, viatu vimepigwa rangi, katika tope lile! Hakunisalimia. Alikwenda moja kwa moja kwa komanda, kijana mwenye sauti ya chini aliyechanganya Kilingala na Kiswahili.

"Muzee, yaka awa, kuya hapa. Banasema weye unajua mawe. Hii kazi ya chini inachelewa. Tuendelee chini, ao tufungue kilima yote?"

Nilisimama pale na sufuria. Nilijua jibu, nilikuwa nimeliona ndani ya majivu yangu. Enjenia alikitazama kilima, akakitazama tena.

"Mufungue juu," akasema. "Dahabu iko karibu. Muko munapoteza wakati ku ile tundu."

Sufuria iliniponyoka. Nilimrukia kwa maneno ambayo mama wa kanisa hayasemi. Nilimwita mwuzaji, nilimwita Yuda, nilimwambia tangu leo asikanyage penye kivuli changu. Shamba, kaburi, vyote alivitoa kwa midomo yake, na kwa uongo, juu ya jiwe! Hakunitazama. Alimwambia komanda, taratibu kama mtu anayeeleza bei:

"Mais juu kule kuko kaburi. Baba ya hawa vijana njo amelala pale."

"Mutoe."

"Basi askari bako babebe. Huku kwetu mifupa ya baba inabebwa na batoto bake banaume, kama beko bazima. Inapelekwa kwao, Masereka. Mutu mwingine akiigusa, inamufuata. Uliza hata bale benye kuzaliwa huku."

Askari walianza kuangaliana. Hawa watu hawakuogopa risasi, mais nilimwona mmoja akirudi nyuma hatua, na aliyesimama karibu na kaburi akateremka bila kuamriwa. Komanda aliliona hilo. Alicheka, halafu akaacha kucheka.

"Bakienda habatarudi."

"Utatuma askari pamoja nabo. Na miye nitabakia ndani ya shimo mpaka barudie."

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa. Kwa jiwe, njia ya wazi ilikuwa upumbavu. Ila ndiyo njia pekee iliyohitaji kaburi liondoke, na kaburi lisingeondoka bila wanangu. Alikuwa amepima kitu kingine kabisa.

Wanangu wakapandishwa. Alipopishana na Paluku mlangoni alimshika mkono, akamwambia neno sikioni. Halafu akavua kravati, akaikunja, akaitia mfukoni. Nilimwona akitafuta ngazi kwa mguu, hapati, anajaribu tena. Alishuka.

Tulimfukua bwana yangu tukiimba. Tulimfunga katika shuka nyeupe na mkeka, wanangu wakambeba kwa zamu, mimi mbele, mchungaji wa Musienene nyuma yangu, askari wawili nyuma ya wote. Njia ya Masereka ni ya kupanda na kushuka, na kila tulipopita watu waliweka majembe chini na kusimama. Hakuna aliyetuuliza kitu. Ndugu wa bwana yangu, waliotanguliziwa habari, walikuwa wamechimba tayari, tukamzika kwa mara ya pili, wakawakalisha wale askari penye kivuli na kuwawekea kasiksi na nyama ya mbuzi, wageni wa msiba wanavyopokewa. Wanangu wakaenda kijitoni kuosha mikono kama waliozika wanavyofanya. Nikawafuata.

"Mama," Paluku akasema, "Enjenia ameniambia tusirudie. Tuteremuke mpaka ku ziwa, tuvuke Uganda."

Kambale hakutikisika. "Na yeye?"

Swali lile bado liko masikioni mwangu. Na yeye? Nikiwaacha waende, watamuua mzee ambaye hana deni kwangu. Nikiwarudisha, miti inayolia itawaangukia, kama si kesho ni keshokutwa, na yeye atakuwa ameshuka kule bure. Nyimbo za msiba zilikuwa zinasikika juu yetu, na wale askari wangeweza kuinuka wakati wowote. Niliwapenda wanangu kuliko nilivyompenda yeye. Ndiyo, nasema wazi. Na yeye alilijua hilo alipoweka mguu wake kwenye ngazi.

"Muende," nikasema.

"Mama, batamuua!"

Nilimsukuma Kambale kifuani mpaka akaingia majini. "Nenda! Kwake nitarudia miye."

Wakaenda. Nikapanda, nikakaa karibu na askari, nikawamiminia tena, nikawaambia vijana wanalia peke yao, ni desturi. Walipogundua, jioni ilikuwa imeingia. Walinipiga kidogo, si sana, waliogopa ndugu. Wakaniuliza nani atamjibu komanda. Nikasema nitamjibu mimi, twende.

Tulifika Musienene asubuhi. Walikuwa wameanza kuyang'oa maharagi yangu. Komanda aliposikia alimpandisha Enjenia kutoka shimoni, wakamtupa kwenye tope mbele yangu. Alikuwa amepofuka kwa mwanga, anapepesa. Waliupiga mguu wake kwa kitako cha bunduki mpaka nikasikia mfupa. Hakupiga kelele. Alipoweza kufungua macho alinitafuta mimi, na macho yale yaliuliza kitu kimoja tu. Nikatikisa kichwa polepole kwenda chini: ndiyo, wamekwenda. Mzee yule, amelala kwenye tope na mguu umevunjika, alitabasamu. Komanda aliliona tabasamu akadhani ni dharau, akaamuru ashushwe tena.

Mimi walinifukuza. Nililala kwa jirani, nikiwa nimeapa kwamba kesho nitarudi na wazee wa kanisa kumwombea. Kabla hapajakucha mizinga ikaanza upande wa Butembo, kundi lingine linakuja, na sote tulikimbia, na askari wale wakakimbia. Niliporudi kilima kilikuwa kimechunwa upande mmoja kama mbuzi, hakuna dahabu, hakuna mtu. Niliita ndani ya tundu. Niliita mpaka sauti ikaisha. Kwa miaka niliombea roho yake kanisani, na pasta akaniruhusu ingawa kwetu hatuwaombei wafu.

Nilihamia Butembo. Vita vilipopoa wanangu wakarudi, Paluku akawa dereva wa lori. Siku moja mama mmoja muuza chumvi akaniambia kwamba Bungulu kuna mzee kilema, mkali, analala uani hataki kulala ndani. Sikumngoja amalize. Nilimwita Paluku, tukapanda lori.

Tulimkuta kwenye kiti nje ya kibanda cha kukodi, amekonda, mguu umekauka. Hakushangaa. Alinitazama, akamtazama Paluku kutoka viatu hadi kichwa.

"Na mudogo wake?"

"Kambale alioa. Eko na binti."

Alisema alitambaa akatoka shimoni usiku wa mizinga, basi, hakuongeza. Halafu akanigombeza: "Nilikuona siku ile umerudia na baaskari. Juu ya nini ulirudia? Bangekuua bure!"

Nilitaka kusema maneno mengi niliyokuwa nimeyaweka miaka yote. Nikasema tu, "Nilikutukana, Papa."

"Ulitukana muzuri. Njo maana komanda aliamini." Na akacheka, meno machache.

Nikamwambia tumekuja kumchukua, nyumba iko Butembo, chumba kiko. Akakataa papo hapo. Yeye si wa ukoo wetu, akasema, jirani ni jirani, na watu wataongea. Nilibishana naye. Paluku hakubishana. Alimgeuzia mgongo, akachuchumaa mbele ya kiti chake.

"Unafanya nini, weye?" Enjenia akauliza.

"Lori iko ku barabara, Muzee. Njia ni matope."

"Batu bataona."

"Baone."

Mzee aliukodolea macho ule mgongo. Kisha akaizungusha mikono yake shingoni mwa mwanangu, na Paluku akainuka naye. Mimi nilifuata na fimbo yake na birika. Mtaa mzima ulitoka. Mama mmoja aliyekuwa anatwanga akaacha mchi, akamwuliza Paluku, "Huyo muzee ni nani yako?"

"Ni baba," Paluku akasema, akaendelea kutembea.

Nilimwangalia Enjenia, maana hakuwahi kuacha kosa la mtu lipite. Alilaza shavu kwenye bega la mwanangu, na hakumsahihisha.